Jiwe Linalowaka: James Young wa Scotland na Mafuta ya Taa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi, shikamooni. Nanyi wanangu mnaohitimu leo, hamjambo?

Desturi ya mgeni rasmi kwenye mahafali ni kutoa nasaha. Nasaha mtapewa na wazazi wenu, ambao wanawajua kuliko mimi. Mimi nilifundisha kemia kwa miaka 31, na leo nimekuja na hiki kilicho hapa mezani. Mnakiona? Ni koroboi. Kopo la maziwa limetobolewa kifuniko, limetiwa utambi wa kitambaa na mafuta ya taa. Wazazi wanatabasamu kwa sababu wanalijua vizuri. Marehemu mama yangu alikuwa akinituma dukani na chupa tupu ya soda, muuza duka anaijaza kwa mpare, na mafuta hayo yakitumiwa kwa nidhamu yalitosha kusoma kwa wiki. Asubuhi ukipenga kamasi inatoka nyeusi. Mtihani wangu wa kidato cha nne niliusomea kwa moshi huo.

Ndugu zetu wa Kenya mafuta haya wanayaita parafini. Neno hilo lilitungwa mwaka 1830 na mkemia wa Kijerumani, Karl von Reichenbach, kutoka maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya kitu kisicho na udugu mwingi. Kwanza lilikuwa jina la nta aliyoipata, nta ambayo haikutaka kuungana na asidi wala na kemikali nyingine alizoijaribu nazo. Kwa Reichenbach parafini ilibaki kitu cha kuonyesha ndani ya chupa. Aliyeitoa chupani na kuipeleka sokoni, akachimba migodi kwa ajili yake na kutajirika nayo, alikuwa mtoto wa seremala wa Glasgow aitwaye James Young. Nimekuja kuwaeleza habari zake. Nina sababu ya kuzieleza hapa Bagamoyo, na mtaiona tukifika mwisho.

Young alizaliwa tarehe 13 Julai 1811. Mchana alishika randa na msumeno katika karakana ya baba yake. Jioni, alipokaribia miaka ishirini, akaanza kwenda Chuo cha Anderson, chuo kilichoanzishwa kwa wosia wa Profesa John Anderson ili watu wa kazi nao wapate elimu ya sayansi. Mwalimu wa kemia pale alikuwa Thomas Graham. Ndiyo, Graham yule yule wa kanuni mliyoikariri, kwamba gesi nyepesi husambaa haraka kuliko gesi nzito. Graham alipogundua kwamba kijana huyu anaelewa kemia na pia anaweza kutengeneza kifaa chochote cha maabara kwa mikono yake, akamfanya msaidizi wake. Walimu wenzangu wa sayansi mtanielewa nikisema kwamba msaidizi wa maabara anayejua useremala ni baraka.

Mwaka 1836 aliingia chuoni hapo kijana mwingine aliyekulia kwenye kiwanda cha pamba cha Blantyre ya Scotland, akaanza kusomea udaktari. Huyo ni David Livingstone. Alikuwa akipita kwenye chumba cha Young, na humo ndimo alimojifunza kutumia mashine ya kukereza na zana nyingine za ufundi. Vijana hao wawili, wote wa familia za kazi za mikono, wakawa marafiki wa maisha. Baadaye Young alipotajirika, Livingstone alimtania kwa jina la Sir Paraffin.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Mwaka 1837 alimfuata Graham London, kisha akaajiriwa kama mkemia kwenye viwanda vya kemikali vya kaskazini mwa Uingereza, mwishowe Manchester. Angeweza kustaafu akiwa mkemia wa kiwanda, anayeheshimiwa na asiyejulikana.

Mwishoni mwa mwaka 1847 akapata barua. Aliyeiandika ni Lyon Playfair, mwanafunzi mwingine wa Graham. Shemeji yake Playfair alikuwa na mgodi wa makaa ya mawe huko Riddings, Derbyshire, na ndani ya mgodi huo yalikuwa yakivuja mafuta mazito. Playfair alimwuliza rafiki yake kama yanaweza kufaa kwa kitu. Young akaenda kuyaona, akayachukua, akayasafisha. Yakatoka mafuta mepesi ya kuwashia taa, na mafuta mazito ya kulainisha mashine za viwanda vya pamba, mashine ambazo hadi wakati huo zililainishwa kwa mafuta ya wanyama, ya nyangumi na ya mimea. Siku moja mafuta yale yakapata ukungu, na Young alipoyatazama akaona vijipande vinavyong'aa vikielea ndani yake. Ilikuwa parafini, nta ya Reichenbach. Playfair aliposikia akaomba atengenezewe mishumaa. Ikatengenezwa miwili, naye akaiwasha mezani pake alipokuwa akitoa mhadhara kwenye Taasisi ya Kifalme ya Sayansi, London.

Lakini chemchemi ile ilianza kukauka, na kufikia mwaka 1851 ilikuwa imekwisha. Mfanyabiashara wa kawaida angefunga hesabu na kuondoka. Young alikwishaona matone ya mafuta yakidondoka kutoka kwenye mwamba wa mchanga, paa la mgodi lililo juu ya tabaka la makaa, na akawaza: pengine joto la ardhini linayapika makaa, mvuke unapanda, unapoa kwenye mwamba, unageuka mafuta. Wanajiolojia wa leo wasingekubaliana na kila sehemu ya hoja hiyo. Hata hivyo swali lililofuata lilikuwa zuri sana: ikiwa ardhi inaweza kuyapika makaa yakatoa mafuta, kwa nini mimi nisiweze?

Hapa naomba dakika chache za kemia, kwa sababu utajiri wake wote umesimama juu ya jambo hili. Watu walikuwa tayari wakichoma makaa ya mawe ndani ya matanuri yaliyofungwa ili kupata gesi ya taa za mjini. Walitumia moto mkali, na moto mkali huvunjavunja molekuli hadi zinabaki fupi kabisa, yaani gesi, pamoja na lami inayonuka. Young alipunguza moto. Aliyapasha makaa joto polepole, hadi chuma cha tanuri kikaanza tu kuwa chekundu hafifu. Molekuli hazikuvunjika sana. Mvuke ukapita kwenye bomba, ukapozwa, ukadondoka ukiwa mafuta. Aliyewahi kuona makonyo ya karafuu yakipikwa Pemba ili kutoa mafuta ameshaona nusu ya kazi hiyo. Baada ya hapo mafuta ghafi yalioshwa kwa asidi ya salfa, yakaoshwa tena kwa kostiki soda, kisha yakachemshwa upya na kutenganishwa mafungu: mepesi kabisa, ya taa, ya mashine, na nta ya mishumaa. Tarehe 17 Oktoba 1850 akapata hataza, yaani haki ya kisheria ya kuitumia njia hiyo peke yake.

Je, alikuwa wa kwanza? Hapana, na mwalimu hapaswi kuwaficha. Huko Ufaransa mtu aitwaye Selligue alikuwa ameshapika mawe ya Autun na kupata mafuta miaka mingi kabla. Sifa ya Young ni kwamba alijua moto uwe kiasi gani, jiwe liwe la aina gani na mafuta yauzwe kwa nani, akaviunganisha vyote mahali pamoja hadi kazi ikalipa. Mahali penyewe ni Bathgate, kati ya Glasgow na Edinburgh, ambako yeye na wenzake wawili, Edward Binney na Edward Meldrum, walijenga kiwanda kilichoanza kazi mwaka 1851.

Walipachagua Bathgate kwa sababu ya jiwe la kilima cha Torbanehill, lililo jirani. Jiwe hilo ukilishika halikupaki weusi mkononi kama makaa mengine, na kipande chake chembamba huwaka kama mshumaa. Tani moja ilitoa zaidi ya galoni 100 za mafuta ghafi. Na jiwe hilo lilizua kesi ambayo, kwa maoni yangu, kila mwanasheria wa madini katika nchi yetu aijue.

Ilikuwa hivi. Mwenye ardhi, familia ya Gillespie, aliikodisha kwa kampuni ya Russel ichimbe makaa ya mawe na madini mengine yaliyotajwa kwenye mkataba. Baadaye ikajulikana kwamba kitu kinachotoka shimoni kina thamani kubwa mno. Gillespie akaenda mahakamani mwaka 1853 na kusema: mimi nilikukodishia makaa, na hiki unachochimba si makaa, kwa hiyo ni changu. Basi makaa ya mawe ni nini? Wakaitwa wanakemia, wanajiolojia na wataalamu wa hadubini, na chini ya kiapo wakapingana. Hawa wakasema ni makaa, wale wakasema si makaa. Mwishowe jopo la raia wa kawaida ndilo lililoamua kwamba kwa maana ya mkataba ule, yalikuwa makaa. Gillespie akashindwa. Leo sayansi inalipa jiwe lile jina lake lenyewe, torbanaiti, na inasema limetokana na miani midogo ya majini iliyorundikana kwa mamilioni ya miaka. Neno moja kwenye mkataba, lililoandikwa kabla watu hawajajua kilichomo ardhini, liliamua nani atatajirika. Nimelifikiria sana jambo hilo kila ninaposoma habari za mikataba ya madini.

Young mwenyewe alijua kazi ya karatasi. Aliilinda hataza yake mahakamani dhidi ya kila aliyemwiga, kesi kubwa kuliko zote ikimalizika mwaka 1864 kwa ushindi wake, mwaka ule ule hataza ilipokwisha muda. Hata watengenezaji wa Marekani walimlipa mrabaha, hadi mwaka 1859 Edwin Drake alipochimba kisima huko Titusville, Pennsylvania, na mafuta yakaanza kupatikana bila kupika jiwe lolote. Mafuta ya visima ndiyo yaliyokuja kuenea duniani. Debe letu la kupimia mahindi asili yake ni kopo la galoni nne lililokuja na mafuta hayo. Kwa hiyo sisemi kwamba mafuta ya koroboi hili yametoka Bathgate. Nasema taa za mafuta haya, namna ya kuyasafisha na soko lake vilitangulia kujengwa na watu kama Young, na visima vilipokuja vilikuta njia imeshalimwa.

Torbanaiti ilikuwa chache, ikapungua. Young akahamia kwenye mwamba wa tope lililogandamana kwa matabaka, mwamba uliojaa sehemu ile ya Scotland. Ulitoa mafuta machache zaidi kwa tani, lakini ulikuwepo tele. Mwaka 1865 aliwanunua wenzake na kujenga kiwanda kikubwa zaidi huko Addiewell, karibu na West Calder, na aliyeweka jiwe la msingi ni rafiki yake Livingstone, aliyekuwa nyumbani kati ya safari zake mbili za mwisho. Mwaka 1866 Young akauza mali yote kwa kampuni mpya iliyobeba jina lake, na tangu hapo hakujishughulisha sana na biashara.

Kazi yenyewe iliendelea kufanywa na wengine. Wachimbaji walitoboa mwamba, wakautia baruti, wakaacha nguzo za jiwe kushikilia paa, kisha wakarudi nyuma wakizivunja nguzo zile zile moja baada ya nyingine. Ukifikiri vizuri utaona mtu huyo anashusha paa juu ya njia aliyopita. Kufikia mwaka 1913 mwamba uliochimbwa ulizidi tani milioni 3 kwa mwaka. Tarehe 10 Januari 1947, katika mgodi wa Burngrange, West Calder, mwali wa taa ya mchimbaji ulikutana na gesi, na wanaume 15 wakafa chini ya ardhi. Watu waliochimba mwanga wa wengine waliuawa na mwali wa taa. Mgodi wa mwisho ulifungwa mwaka 1962. Ukienda leo utaona vilima vyekundu vya mawe yaliyokwisha kupikwa, na vingine, kama vile vitano vya West Calder vinavyoitwa Dada Watano, vimehifadhiwa kisheria kama kumbukumbu. Sisi tunaomsifu Young tuwaweke na hao kwenye hesabu.

Fedha zake alizifanyia nini? Alinunua mashamba na majumba, alikuwa na jahazi la starehe. Nisingekuja kuwasimulia hayo. Lakini alirudi Chuo cha Anderson akiwa rais wake, na mwaka 1870 akatoa pauni 10,500 kuanzisha kiti cha uprofesa wa kemia ya viwandani, ili watoto wengine wa maseremala waje jioni. Alimjengea mwalimu wake Graham sanamu katikati ya Glasgow, George Square. Nimefundisha miaka 31 na sihitaji sanamu, lakini nilipoisoma habari hiyo nilinyamaza kidogo. Na uzeeni, mwanzoni mwa miaka ya 1880, alishirikiana na George Forbes kupima kasi ya nuru. Walihitimisha kwamba nuru ya buluu husafiri haraka kuliko nyekundu. Walikosea. Mzee wa miaka sabini, tajiri, anakosea hadharani kwa kupima: huyo namheshimu.

Sasa nifike Bagamoyo.

Livingstone hakuwa na fedha. Young alikuwa nazo. Aligharimia sehemu ya safari zake na kusimamia mambo yake ya fedha alipokuwa mbali. Kwa safari ya mwisho, ile ya kutafuta chanzo cha Nile, alitoa pauni 1,000. Habari za Livingstone zilipopotea tena, akatoa pauni 2,000 kupeleka msafara wa kumtafuta kupitia upande wa Kongo, ukiongozwa na Luteni Grandy. Msafara haukumkuta. Najua mna maswali kuhusu wapelelezi wa Kizungu na yaliyowafuata. Ni maswali ya haki, na mwalimu wenu wa historia atayajibu vizuri kuliko mimi. Ninachotaka muone ni njia ya fedha: zilitoka kwenye jiwe la Bathgate, zikanunua nguo na shanga na kulipa wabeba mizigo katika njia zetu.

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambako sasa ni Zambia. Mnajua kilichofuata, kwa sababu mnaupita ule mnara wa misheni kila siku. Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kando ya Mto Zambezi, na James Chuma, Myao aliyetolewa kwenye msafara wa watumwa mwaka 1861 akiwa kijana mdogo, pamoja na wenzao, waliukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba kwa miezi mingi hadi hapa, Februari 1874. Walibeba pia madaftari yake, karatasi zake na vipimo vyake. Mwili ulipopelekwa Uingereza, Susi na Chuma hawakupelekwa. Kijana Jacob Wainwright ndiye aliyesafiri nao, na ndiye aliyekuwepo siku ya mazishi pale Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili. Wale wawili, miongoni mwa watu waliokuwa na marehemu muda mrefu zaidi, waliachwa huku pwani.

Young ndiye aliyelipa nauli yao. Walifika Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha. Walikaa na Mchungaji Horace Waller, aliyekuwa akiyatayarisha madaftari ya Livingstone yachapwe, na kwa majuma mengi wakamfafanulia majina ya mito, ya watu na ya vijiji, siku gani walilala wapi, na siku za mwisho zilikuwaje, ambazo mwenye daftari hakuweza kuziandika. Kitabu kile kilichotoka mwishoni mwa 1874 kina sauti zao kwa sababu walikuwepo chumbani.

Wakaenda pia Scotland, kwa Young. Huko, katika viwanja vya nyumba yake, wakakata miti na kujenga kibanda mfano wa kile cha Chitambo alimofia Livingstone. Hawakuhitaji mchoro. Kile cha kwanza walikuwa wamekijenga wenyewe, upesi, mgonjwa akisubiri kuingizwa ndani. Young wakati huo alikuwa na miaka kama 63. Mtoto wa seremala, ambaye chumbani mwake Livingstone alijifunza kutumia zana za ufundi, alikuwa sasa na uwanjani kwake mafundi waliomjengea Livingstone nyumba ya mwisho.

Kisha wakarudi Zanzibar, wakaendelea na kazi yao ya kuongoza misafara. Chuma alifariki huko mwaka 1882, Young akafuata Mei 1883, na Susi mwaka 1891.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mkuu wa Shule, koroboi hili naliacha kwenye maabara yenu.